Sabufa ya kabatini: kina kwanza, wati baadaye

MTEJA anayeingia katika duka la vyombo vya umeme Kariakoo kutafuta sabufa huuliza maswali mawili. La kwanza ni wati ngapi, na jibu lake limekwisha bandikwa juu ya boksi kwa tarakimu kubwa za kung'aa. La pili ni bei, ambayo hushuka kidogo baada ya pande mbili kuitana kaka na bosi. Swali la tatu, yaani boksi lina kina cha sentimita ngapi kutoka mbele hadi nyuma, huulizwa siku ya pili, mteja akiwa amerudi na mzigo kwenye bajaji baada ya kugundua kwamba hauingii kwenye kabati lake.

Wauzaji wengi huliona jambo hili kuwa ni uzembe wa mnunuzi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini mnunuzi hukosea mara moja tu kwa kila kabati, wakati muuzaji hubishana na wateja wa namna hii wiki baada ya wiki, huku ubishi ukifanyika mbele ya wateja wengine ambao walikuwa hawajaamua.

Chanzo cha tatizo ni televisheni, wala si sabufa yenyewe. Vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilipoanza mwaka 1994, seti zilizouzwa zilikuwa na mgongo mrefu, na seremala aliyetaka kuihifadhi seti hiyo kabatini alilazimika kutengeneza kabati lenye kina cha nusu mita au zaidi. Redio, deki na spika zake zote zilipata mahali humo bila taabu. Leo televisheni ni bapa na inatundikwa ukutani. Kabati la kisasa la sebuleni, lile linalojengewa ukutani moja kwa moja kwa mbao za MDF na kumaliziwa kwa jipsamu na taa, halina sababu ya kuwa na kina kirefu, na katika ghorofa za Kivukoni, Upanga na Kariakoo, ambako kila futi ya sebule ina thamani, hakuna anayetaka kabati linalomla nafasi ya kochi. Televisheni imekonda. Besi haikukonda.

Wala haitakonda hivi karibuni. Mafundi wa spika wanaijua kanuni moja ambayo haijapata kuvunjwa: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo ni mambo matatu ambayo mtu anaweza kupata mawili tu. Mmarekani Edgar Villchur alipotoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, aliushangaza ulimwengu kwa besi nzito kutoka katika boksi dogo lililofungwa pande zote, lakini gharama yake ilikuwa kwamba spika hiyo ilidai amplifaya yenye nguvu zaidi. Hivyo basi, sabufa ndogo na nyepesi inayodaiwa kutikisa nyumba nzima, na bado ikauzwa kwa bei ya kutupa, inamficha mteja jambo moja katika hayo matatu.

Kuhusu wati, hesabu ni rahisi kiasi kwamba inashangaza kuona zinavyoendelea kuaminiwa. Tuseme boksi limeandikwa PMPO wati 10,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, maana yake ni kuwa haiwezi kupitisha zaidi ya wati 3,000 hivi kwa muda mrefu. Kifaa kinachotumia wati 10,000 kwa kweli kingemaliza uniti 10 za LUKU kwa saa moja, na familia ingelala gizani kabla muziki haujakolea. Mnunuzi mwenye busara ageuze boksi na kusoma kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti na matumizi ya umeme. Kama hapo pameandikwa wati 60, basi sauti inayoweza kutoka mfululizo ni chini ya wati 60, kwa sababu sehemu ya umeme huo huishia kuwa joto. Kipimo cha kulinganisha ni kile kiitwacho RMS. PMPO ni pambo la boksi.

Baada ya wati kuwekwa mahali pake, kazi halisi inaanza, nayo ni ya futikamba. Mteja husema kabati lake ni la sentimita 40, kwa kuwa ndivyo alivyoelewana na fundi wa Keko. Fundi hupima nje. Mbao za MDF zenye unene wa milimita 18, moja ya mlango na nyingine ya mgongo, hula karibu sentimita 4, zikabaki 36 na ushei. Waya na plagi nyuma ya sabufa hudai sentimita 5 nyingine, zikabaki 31. Na kama sabufa ina tundu la hewa mgongoni, inatakiwa kuachiwa nafasi ya kupumua, na sentimita 10 si nyingi. Mahali pa plagi na mahali pa kupumua vikichangiana, kinachobaki kwa boksi lenyewe ni sentimita 26 hivi. Kwa hiyo boksi la sentimita 35 haliingii katika kabati la 40, na si muuzaji wala fundi aliyesema uongo.

Vipimo vilivyochapwa kwenye katoni navyo si vya kutegemea, maana hivyo ni vya katoni pamoja na povu lake. Lazima sabufa itolewe ipimwe ikiwa tupu.

Jambo la pili ni upande ambao spika na tundu vinatazama. Zipo sabufa zenye spika ubavuni, zipo zinazotazama chini, na zipo zenye kila kitu mbele. Kwa sebule ya wazi tofauti si kubwa. Kwa kabati, tofauti ni yote. Spika ya ubavuni ikisukumwa katikati ya mbao mbili inapiga ubao, na ile nafasi tupu inayoizunguka inageuka kuwa ngoma: noti moja ya besi inavuma kupita nyingine zote, mlango unatetemeka, glasi za chumba cha juu zinalia. Mteja husema sabufa ni feki. Kumbe ni kabati linaloimba. Inayofaa ni yenye spika na tundu mbele, au iliyofungwa kabisa bila tundu, ikasogezwa hadi uso wake ukalingana na ukingo wa kabati, nafasi iliyobaki pembeni ikajazwa sponji, chini ikawekewa raba nene. Raba hiyo ina faida kwa jirani pia, kwa vile kabati lililopigwa skrubu ukutani huipeleka besi moja kwa moja kwenye nyumba ya pili. Mlango wa ubao uondolewe, au ubadilishwe kwa fremu yenye kitambaa cha spika.

Mlango una ubaya mwingine ambao hausemwi dukani. Sabufa nyingi zinazouzwa hapa amplifaya imo ndani ya boksi hilohilo, pamoja na mahali pa kuchomeka flashi na jicho la rimoti. Ukifunga mlango, rimoti haioni kitu. Na amplifaya hiyo hutoa joto. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam mwezi Januari, kabati lililofungwa bila matundu ya hewa juu na nyuma ni njia ya uhakika ya kuiua kabla ya wakati wake, halafu mjadala wa waranti uanze.

Baadhi ya wauzaji hushauri kwamba sabufa iachwe nje ya kabati kabisa, nyuma ya kochi. Ushauri huo una msingi. Sauti iliyo chini ya mizunguko 80 kwa sekunde ni vigumu kwa sikio kujua inatokea upande gani, kwa sababu wimbi lake moja ni refu kupita mita 4. Lakini ushauri huu unazifaa zaidi sabufa zenye waya mmoja wa mawimbi au zisizo na waya, kama zile zinazokuja na saundiba. Zile za boksi moja na spika ndogo mbili au tatu, ambazo ndizo zinazonunuliwa zaidi na watu wa kipato cha kati, nyaya zake zote zinaanzia kwenye boksi, na mara nyingi ni fupi. Mteja aelezwe hivyo kabla ya kulipa.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anayetaka kuagiza mzigo, hoja iko kwenye mita za ujazo. Mizigo ya kuchanganya kutoka Guangzhou hulipiwa kwa ujazo. Katoni ya sentimita 40 kwa 40 kwa 45 ina mita za ujazo 0.072, na katika mita moja ya ujazo zinaingia katoni 13. Ile ya 30 kwa 35 kwa 40 ina 0.042, zinaingia 23. Tofauti ni vipande 10 kwa nauli ileile, na kwenye rafu ya fremu ambayo kodi yake hailali, vipande 10 si jambo la kupuuza. Bado waagizaji wengi wanakimbilia boksi kubwa lenye taa za rangi kwa kuamini kwamba ukubwa ndio unaouza. Huenda unauza kwa mteja wa baa na wa ukumbi. Kwa mteja wa ghorofani boksi hilo ni mzigo utakaolala.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yanayogongwa kwenye risiti nayo yasimpe mtu usingizi mzito. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Mteja aliyesema wazi "naitaka ya kuweka kabatini, upana huu na kina hiki" ana mahali pa kusimama. Aliyesema "nipe yenye wati nyingi" amepewa alichoomba.

Kadi ndogo juu ya kila sabufa, yenye upana, kimo, kina, upande wa tundu na wati za RMS, ni kazi ya nusu saa na kalamu moja. Mnunuzi wa jumla anayepeleka mzigo Lubumbashi au Moroni angeifurahia zaidi kuliko mtu yeyote, maana yeye hana bajaji ya kumrudisha kesho yake.