Uvivu Hauishii Ring Road



Simama Ring Road, kati ya Milimani na Nyalenda. Upande huu nyumba za geti na miti mikubwa. Vuka lami: mabati, mitaro iliyo wazi, mama ananunua maji kwa mtungi. Niambie, ni kweli wavivu wote walizaliwa upande mmoja wa barabara?

Hii hadithi ya "maskini hawataki kubadilika" tumeimeza hata sisi. Kuna wanaoitolea dalili kwa aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd. Na si mtaani tu. Msomi Mmarekani, Oscar Lewis, alidai kuna "utamaduni wa umaskini", kwamba watoto hurithi tabia zinazowabakisha chini. William Julius Wilson alichunguza mitaa ya watu weusi Chicago na mwaka 1987 akatoa kitabu chenye jibu lingine: viwanda viliondoka, wenye uwezo wakahama, na waliobaki wakakosa kazi na hata mtu wa kuwaunganisha na kazi. Tabia zikafuata hali.

Sasa tuangalie Kisumu yetu. Reli ilifika hapa 1901. Mwaka 1913 Waingereza walimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza watu watengwe kwa rangi. Mzungu akakaa Milimani, Mhindi karibu na maduka, Mwafrika akasukumwa pembeni. Uhuru ulipokuja, aliye na pesa aliruhusiwa kuingia Milimani, lakini Nyalenda na Manyatta zilijaa watu kabla ya mabomba na mitaro kufika. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na bandari ikadorora. Kiwanda cha nguo cha KICOMI nacho kikafungwa. Baba aliyekuwa na mshahara akawa wa vibarua.

Na Kibos je? Februari 2021 nyumba za ndugu zetu Wanubi zilibomolewa, ikasemwa ni ardhi ya reli. Familia zilizoishi pale vizazi kadhaa zikalala nje. Hapo uvivu uko wapi?

Sisemi nidhamu haina maana. Swali Fajr, soma, achana na miraa. Lakini ile aya isome tena: inataja *qaum*, watu kwa pamoja, haimtaji kijana mmoja aliyekosa karo. Zaka nayo ni faradhi, italisha familia leo, ila haiwezi kuchimba mtaro wa mtaa mzima. Hiyo ni kazi ya kodi, na kodi unalipa unaponunua bidhaa nyingi dukani.

Kwa hivyo kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, usiwaachie wazee peke yao. Ibara ya 43 ya Katiba inakupa haki ya makao, maji safi na usafi. Ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe kwenye fedha za umma. Nenda na wenzako watano kutoka msikitini. Ulizeni: wadi ya Nyalenda B imetengewa pesa ngapi za maji na mitaro mwaka huu, na Market Milimani ngapi? Ombeni jibu kwa maandishi, mtuletee hapa tulisome sote.

Wabillahi tawfiq.