Mshale Haupotei Msituni, Risasi Je?

Wahenga walinena kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Walimaanisha kuwa juhudi ya mtu haiendi bure, hata pale inapoonekana kukosa lengo. Lakini methali hiyo ina maana yake ya juu juu pia, nami niliyezaliwa chini ya vilima vya Mbooni, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni, niliijua maana hiyo kabla ya kuijua ile ya ndani. Babu yangu alipotufunza kutumia uta, kila mshale uliokosa shabaha ilikuwa sharti ufuatwe kichakani na aliyeupiga, utafutwe mpaka upatikane, kisha urudishwe mikononi mwa babu. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga wa pili kabla ya wa kwanza kuonekana.

Zoezi lenyewe lilikuwa na ngazi zake. Kwanza tulilenga kibuyu kibovu kilichowekwa juu ya kisiki, hatua kumi mbele yetu. Aliyekipiga mara tano mfululizo alirudishwa nyuma hatua tano nyingine; aliyekosa alibaki pale pale, hata ikiwa ni juma zima. Baada ya hapo babu alikibingirisha kibuyu kwenye mteremko, nasi tukajifunza kukifuata kwa jicho, kuvuta upote na kuachia kabla hakijafika kwenye mawe. Wepesi ulikuja baadaye, tena ulikuja wenyewe, kwa kuwa mkono uliokwisha kuzoea kulenga vyema haupotezi wakati wa kujisahihisha. Ilikuwapo pia ngazi ya mwisho ambayo sisi watoto tuliichukia. Kibuyu kikiwa mbioni na upote umekwisha kuvutwa, babu alipaza sauti ghafla: "Acha!" Aliyeshindwa kuuzuia mshale wake alinyang'anywa uta kwa siku hiyo, hata kama alikipiga kibuyu katikati.

Wazee wa Ukambani walikuwa na sababu ya ukali huo. Mishale yao ya mawindo na ya vita ilipakwa sumu iliyopikwa kutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, sumu inayosimamisha moyo. Sehemu iliyopakwa ilizungushiwa kipande cha ngozi laini, ili sumu isikauke na isimdhuru mbebaji. Kabla ya kuupiga mshale wa namna hiyo, mtu alilazimika kuifungua ngozi kwanza. Kitendo hicho kidogo kilimpa nafasi ya kuwaza.

Bunduki haina ngozi ya kufunguliwa. Ina kizuizi kidogo kinachoondolewa kwa dole gumba, basi. Risasi ya G3, silaha ambayo askari wetu wameibeba kwa miaka mingi, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde, na yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Ikikosa shabaha, hakuna mtoto atakayetumwa kichakani kuitafuta. Itaipata nyumba ya mtu, au ng'ombe wa mtu, au mtu mwenyewe. Machi 2020, katika siku za kafyu ya Korona, mtoto aliuawa kwa risasi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya kwao, wala hakuwa amekosana na yeyote.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mazungumzo niliyokuwa nayo Kitui, upande ule unaopakana na Tana River, ambako kwa miaka mingi wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombania malisho na maji, na watu wamepoteza maisha. Kijana mmoja aliyekabidhiwa bunduki ya kulinda kijiji alinieleza kwamba aweza kuifungua na kuiunga gizani, lakini tangu aipokee, amelenga nayo shabaha siku moja tu, kwa risasi tano. Usiku mmoja alisikia nyayo karibu na zizi. Akauliza kwa Kikamba ni nani. Kimya. Akauliza tena, mara hii kwa ukali. Nyayo zikasimama, lakini jibu halikuja. Kijana akakaa na kidole chake pale kwa muda ambao kwake ulikuwa kama usiku mzima. Kulipopambazuka, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya mgunga alikuwa mvulana mchungaji, asiyejua Kikamba hata neno moja, aliyekuwa akimtafuta ngamia wake.

Nilimwuliza kwa nini hakufyatua. Akanijibu: "Mwalimu, sikuona ninacholenga."

Ndugu msomaji, hoja yangu leo imo katika jibu hilo. Hatuna budi kuwafunza waliobeba silaha kulenga vyema na kulenga upesi. Sikubaliani na wale wanaodhani kwamba zoezi la shabaha ni jambo la watu wapendao vita. Ukweli ni kinyume chake. Askari asiyefanya mazoezi ndiye anayefyatua ovyo, kwa kuwa hofu humjia kabla ya jicho. Mtu aliyeshikwa na hofu huona kidogo, husikia kidogo, na vidole vyake huwa vizito. Analoweza kufanya saa hiyo ni lile tu ambalo mwili wake umelizoea. Aliyezoea kutulia, kupunguza pumzi, kulinganisha vilengeo na kukaza kidole polepole, atafanya hivyo. Aliyezoea kuvuta tu, atavuta.

Lakini zoezi linalopima jicho na kidole peke yake ni nusu ya zoezi. Hata wanamichezo wamelitambua hilo. Shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, nchini Marekani, huwapima washindani kwa usahihi, nguvu na kasi: pointi alizopata mlengaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Hata hivyo, kati ya shabaha za kupigwa huwekwa nyingine zisizopaswa kuguswa. Anayeipiga moja kati ya hizo hupoteza pointi 10, ilhali risasi iliyotua pahali pazuri kabisa humpa 5. Yaani, kosa la kumpiga asiyestahili lina uzito maradufu kuliko sifa ya kulenga barabara. Neno shabaha lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limewahi kubeba pia maana ya mfano wa kitu, jamaa wa karibu wa shabihi. Karatasi ile ya mazoezi ni mfano tu wa mtu. Mwanafunzi asiyekumbushwa hivyo kila siku aweza kufika mahali akamwona mtu naye kuwa ni karatasi.

Sheria yetu nayo imekwenda mbali zaidi ya mchezo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linasema kwamba silaha itumike tu pale ambapo njia nyingine zisizo kali hazitoshi, na linamtaka afisa anayekusudia kuitumia ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, kisha ampe mwenzake muda wa kulitii onyo hilo, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Linamtaka pia ajitahidi kwa kila njia kuepuka kuitumia, hasa dhidi ya watoto. Ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, sharti taarifa ipelekwe kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

Hapo ndipo taaluma yangu inapoingia. Onyo ni tamko, na tamko halikamiliki kwa kutamkwa tu, hukamilika linapoeleweka. Neno "Simama!" likisemwa kwa lugha ambayo msikilizaji haijui, machoni pa sheria huenda onyo limetolewa, lakini masikioni mwa binadamu ni kelele. Katika mpaka ule wa Kitui na Tana River utasikia Kikamba, Kisomali, Kiorma, Kipokomo na Kiswahili. Je, ni mangapi kati ya mazoezi yetu ya shabaha yanayoanza kwa ulimi kabla ya kidole? Ikiwa sheria itafunzwa darasani asubuhi na shabaha uwanjani jioni, na hizo mbili zisikutane kamwe, basi siku ya hatari askari atakumbuka uwanja na kulisahau darasa.

Kuna watakaoniambia kwamba Mkamba hahitaji mafunzo haya, eti ni askari wa kuzaliwa. Sifa hiyo tulivishwa na wakoloni waliokuwa wakiandikisha vijana wetu katika jeshi la Keya, na wengine wetu tumeendelea kuivaa kwa fahari. Waliowasukuma vijana hao jeshini aghalabu walikuwa ukame, kodi na uhaba wa kazi, wala si damu. Hakuna mtu anayezaliwa na shabaha. Babu yangu alinifunza kwa miaka, na bado nilikosa mara nyingi.

Wala uamuzi haumo ndani ya bunduki. Mwaka 1851 mmishenari Johann Ludwig Krapf, ambaye sisi wanaisimu tunamkumbuka kwa sarufi na kamusi yake ya Kiswahili, alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, kuelekea Mto Tana. Walishambuliwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf aliandika kwamba alifyatua mara mbili, lakini hewani, kwa kuwa moyo wake ulikataa kumwaga damu ya binadamu. Na baadaye, akiwa peke yake nyikani, aliijaza mitutu ya bunduki hiyo maji ya mto ili apate ya kunywa njiani. Simtaji ili askari wa leo afyatue hewani, maana risasi iliyopanda haina budi kuteremka. Namtaja ili tukumbuke kwamba chombo kile kile, katika nchi ile ile ya kiu, kilitumika vile mwenye nacho alivyoamua.

Najua pingamizi lililo zito zaidi. Jambazi hatoi onyo, nao wanaolala nje usiku wakilinda mifugo hawana anasa ya kufanya mjadala. Ni kweli, na sheria yenyewe imelitambua hilo. Lakini wepesi hautokani na kuruka hatua; hutokana na kuzirudia hatua zote mpaka ziwe moja. Aliyezoea kutamka onyo huku akiinua silaha hatumii muda zaidi ya yule anayeinua kimya. Na aliyezoea kuzuia kidole chake neno "Acha!" linaposikika, anaweza kumwokoa mchungaji asiyejua lugha yake, na pia kujiokoa yeye mwenyewe na jinamizi la kuishi na damu ya mtoto.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, asikabidhiwe mtu bunduki ya umma, awe polisi wa kudumu au wa akiba, bila kupewa pia uwanja, risasi za mazoezi na ratiba ya kurudi huko mara kwa mara. Pili, kila zoezi la kasi liwe na shabaha zisizopaswa kupigwa, na anayezipiga arudi mwanzo, hata kama ndiye mwepesi kuliko wote. Tatu, maneno machache ya onyo yafunzwe kwa lugha za mahali askari anapotumwa, na yarudiwe uwanjani hadi ulimi uyazoee kama kidole kilivyozoea.

Kwenu walimu wenzangu wa Kitui na Makueni: kila mwaka wanafunzi wetu huenda viwanjani kuandikishwa katika polisi na jeshi, wakapimwa urefu, meno na mbio. Subira haipimwi pale. Ni sisi tunaoweza kuwapa kabla hawajaondoka, katika somo la lugha na la historia, na hata katika mchezo wa manati nyuma ya madarasa. Na wewe mwanafunzi unayeota kuvaa sare, ujue kwamba aliyeshindwa kuuzuia mshale alinyang'anywa uta. Mshale ule ulikwenda kichakani nasi tukaufuata, tukaurudisha. Risasi yako haitarudi.