Gari lililoko njiani bado si mauzo

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kungojea kontena bandarini anaijua tofauti kati ya mali iliyolipiwa na mali iliyouzwa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akinunua hisa za kampuni ya magari ya umeme, huisahau. Husikia kwamba kiwanda kimefikisha magari maelfu kadhaa kwa wiki, naye hufungua mkoba. Mwenendo wa kampuni ya Tesla ya Marekani, tangu ilipoanza kutengeneza gari lake la Model 3 mwaka 2017, unaonyesha kwamba hesabu ya kiwandani ni nusu tu ya habari, na mara nyingine ni ile nusu isiyo na fedha ndani yake.

Gari hilo lilitangazwa Machi 31, 2016. Katika muda wa wiki moja watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamekwisha kutoa dola 1,000 kila mmoja ili kushika nafasi katika foleni. Uongozi uliahidi kufikia magari 5,000 kwa wiki ifikapo mwisho wa 2017. Kilichotoka kiwandani katika robo ya tatu ya mwaka huo ni magari 260, na katika robo ya nne 2,425. Mitambo iliyotegemewa kuunganisha betri kule Nevada haikufanya kazi kama ilivyopangwa, na Aprili 2018 mkuu wa kampuni, Elon Musk, alikiri hadharani kwamba kutegemea roboti kupita kiasi lilikuwa kosa. Mwezi Juni likasimamishwa hema kubwa kando ya kiwanda cha Fremont, California, na ndani yake ukawekwa mstari mwingine wa kuunganisha magari. Katika wiki ya mwisho ya mwezi huo yalitoka magari 5,031.

Shangwe zilikuwa kubwa. Lakini taarifa ile ile iliyotangaza ushindi huo ilikuwa na namba nyingine ambayo wengi waliipita kwa haraka: magari 11,166 ya Model 3 yalikuwa bado njiani kwenda kwa wanunuzi. Kwa robo nzima yalitengenezwa 28,578 na yaliyokabidhiwa ni 18,440. Kwa kila magari matatu yaliyotoka kiwandani, ni mawili tu yaliyofika mikononi mwa mteja.

Viwanda vya magari vya zamani huuza kwa mawakala. Wakala akishachukua gari, kiwanda huandika mauzo, na mzigo wa kumngojea mteja unakuwa wa wakala na benki yake. Tesla haiuzi kupitia mawakala. Gari hubaki katika vitabu vya kampuni tangu linapotoka kwenye mstari, linapoegeshwa yadi, linapopakiwa kwenye lori au meli, hadi mnunuzi anapokabidhiwa funguo. Ni sawa na mwenye kiwanda cha sabuni kupeleka kila mche mlangoni kwa mteja kwa nauli yake mwenyewe. Faida ya wakala anaibakiza, ni kweli. Lakini kila siku ambayo gari linakaa njiani, vyuma, betri na mishahara iliyomo ndani yake ni mtaji uliolala.

Ndiyo maana shida haikuisha mwaka 2018, bali ilihama. Septemba ya mwaka huo Musk alisema kampuni imetoka katika jehanamu ya uzalishaji na kuingia katika jehanamu ya usafirishaji. Malori ya kubeba magari hayakutosha, na akasema kampuni imeanza kujitengenezea matela yake. Baadhi ya wenye magari ya zamani walijitolea bila malipo kwenye vituo vya kukabidhia, wakiwaelekeza wateja wapya namna ya kutumia gari. (Kampuni chache duniani hupata vibarua wa namna hiyo, na mwekezaji asiweke jambo hilo katika makadirio yake ya kila mwaka.) Robo hiyo yalikabidhiwa magari yapatayo 83,500 ya aina zote, na kampuni ikapata faida halisi ya dola milioni 312.

Kisha ikaja bahari. Februari 2019 Model 3 za kwanza za Ulaya zilishushwa katika bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na nyingine zikaelekea China. Safari ya lori ni ya siku. Safari ya meli ni ya wiki. Robo hiyo ya kwanza ya 2019 yalikabidhiwa magari yapatayo 63,000, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba hadi Machi 21 ilikuwa imekabidhi nusu tu ya hayo. Nusu nyingine ilisukumwa kwa siku kumi. Zaidi ya magari 10,000 yalibaki majini na barabarani siku ya kufunga vitabu. Mwezi huo huo wa Machi ulikuwa umeiva mkopo wa dola milioni 920, ukalipwa taslimu. Hasara ya robo ilikuwa dola milioni 702. Aliyenunua hisa kwa kutazama mafanikio ya kiwanda peke yake hakuwa na njia ya kuliona hilo likija.

Desturi ya kutengeneza kwanza magari ya ng'ambo, kisha ya nyumbani, na kukimbizana na tarehe ya mwisho iliendelea kwa miaka. Robo ya tatu ya 2022 yalitengenezwa magari 365,923 na kukabidhiwa 343,830. Kampuni ilisema inataka kuacha msukumo wa mwisho wa robo, kwa sababu nafasi ya malori na meli katika wiki hizo imekuwa ngumu na ghali. Soko halikusikiliza: Oktoba 3 hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 8. Hapo soko lilikosea sababu. Kuyaacha magari yasafiri kwa nauli ya kawaida ni biashara nzuri, na hesabu za robo hiyo zilionyesha fedha taslimu zikiingia, dola bilioni 3.3 baada ya matumizi ya mitambo na majengo.

Robo ya kwanza ya 2024 ilifanana na hiyo kwa sura tu. Yalitengenezwa magari 433,371, yakakabidhiwa 386,810. Kampuni ilitaja meli kuzunguka kuikwepa Bahari ya Shamu, na moto uliochomwa makusudi karibu na kiwanda chake cha Ujerumani. Sababu hizo ni za kweli, lakini hizo huzuia zaidi utengenezaji kuliko uuzaji. Akiba ya magari ambayo hayajauzwa ilipanda kutoka mauzo ya siku 15 hadi siku 28, na fedha taslimu zikatoka dola bilioni 2.5 badala ya kuingia. Gari linalosafiri lina mwenyewe anayelingoja. Hayo mengine yalikuwa yakitafuta mwenyewe.

Wapinzani wa China nao wanapitia njia hiyo. BYD ilianza Januari 2024 kutumia meli ya BYD Explorer No. 1, yenye nafasi ya magari 7,000. Ni hatua ya busara. Lakini meli haimtafutii gari mnunuzi, na mwaka huo huo bandari za Ulaya zilijaa magari mapya yaliyogeuza gati kuwa yadi.

Tesla ilisafisha yadi zake mara moja. Robo ya pili ya 2024 ilikabidhi magari 443,956, zaidi ya 410,831 iliyotengeneza, na Julai 2 hisa zikapanda kwa asilimia 10. Wateja walikuwa wamevutwa kwa kupunguziwa bei na kwa mikopo ya riba ndogo. Hesabu kamili zilitoka Julai 23: faida halisi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 45 ikilinganishwa na robo kama hiyo ya 2023. Kesho yake hisa zikaanguka kwa asilimia 12.