Mbulgaria wa Simba mnamjua, Mwalala je?

Wanangu, kuna grupu moja ya WhatsApp niko ndani, watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Desemba 2025 ilikuwa moto. Mnajua stori ilikuwa ya nani? Dimitar Pantev. Yule Mbulgaria ambaye Simba walimtoa Gaborone United ya Botswana mwezi wa kumi, wakampa cheo cha meneja mkuu, na miezi miwili tu baadaye akawa ashaenda zake. Kila mtu alikuwa mtaalamu. Huyu anasema hakupewa muda, yule anasema hana lolote.

Nikauliza: na Bernard Mwalala? Kimya. Halafu mmoja, tena jamaa anayevaa jezi ya Simba mpaka msikitini, akaniandikia, "Ni nani huyo?"

Nilichoka.

Haya, huyo ni straika aliyechezea Harambee Stars na Yanga. Oktoba 2008 alifunga goli la pekee Yanga walipoifunga Simba 1-0. Basi tu, kwa goli hilo peke yake wewe wa jezi nyekundu ungepaswa kumjua na kumchukia. Lakini mimi anaponihusu ni baada ya kutundika daluga. Alianza ukocha, akawa na Nzoia Sugar, na mwaka 2018 akaletwa hapa kwetu, Bandari.

Januari 2019 Bandari walienda Dar kwenye kombe la SportPesa. Nusu fainali, Simba, mbele ya watu wao. Bandari 2, Simba 1. Na hiyo haikuwa Simba ya kuokotwa njiani. Ni ile ile ambayo mwezi uliofuata iliifunga Al Ahly ya Misri pale pale Dar, ikaenda mpaka robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Kwenye fainali Kariobangi Sharks wakatufunga 1-0, sawa. Mwezi wa sita tukakutana na hao hao Sharks fainali ya Shield, tukawapiga 3-1 na kombe likaja Mombasa. Ligi tukamaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia. Kumbuka Mombasa mara ya mwisho kuchukua ligi ya Kenya ni Feisal, 1965. Babu yangu anaizungumzia kama vile ilikuwa juzi.

Kisha Afrika. Wakaitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, wakaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, mwishowe Horoya ya Guinea wakawazuia mlango wa makundi. Na hapa ndo panapouma: Ben Guerdane walipigwa 2-0 Kasarani. Nairobi! Uwanja wa Manispaa ulikuwa umebomolewa, kwa hivyo timu ya Mombasa "nyumbani" kwake kukawa karibu kilomita 480 kutoka nyumbani. Shabiki wa Mtongwe avuke feri, atafute basi, alale njiani, ndo aone timu yake ikicheza nyumbani. Mechi kubwa kuliko zote za kizazi chetu, wengi wetu tuliiona kwenye simu.

Kipa Farouk Shikalo alikuwa ashaenda Yanga, ligi ikaanza kuyumba, na Januari 2020 Mwalala akaondoka. Miezi saba baada ya kombe. Saba!

Najua mtasema matokeo yalikuwa mabaya. Yalikuwa mabaya, sipingi. Kocha anafukuzwa, ndo kazi yenyewe. Ila niambieni: mtu amechezeshwa bila uwanja wake, kipa wake kaondoka, amezungushwa Afrika nzima, halafu kitu cha kwanza kubadilishwa ni yeye? Kwa sababu kocha ni mmoja. Kumtoa ni rahisi kuliko kumalizia uwanja. Pantev naye ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wa Simba alililiwa kwenye magrupu yetu na wa Bandari hakuna aliyetoa hata emoji.

Twahir Muhiddin vilevile. Huyu alikabidhiwa Harambee Stars mwaka 2009 Mjerumani Antoine Hey alipoondoka, na ameifundisha Bandari pia. Mtaani kwenu nani chini ya miaka 20 anamjua?

Mwanzo mnaweza kuona ni mambo ya kumbukumbu tu. Siyo. Nenda Bomu jioni, au Mtopanga. Utakuta jamaa wa miaka 27 hivi, goti limeisha, anafundisha watoto arobaini kwa mpira mmoja na filimbi, na asubuhi yuko kwenye boda. Yule ndo kocha wetu wa kesho. Ili afike ligi kuu anahitaji leseni za CAF, ngazi kwa ngazi, na kozi si za bure. Sasa akimwangalia aliyefika juu kabisa, akaifunga Simba, akaleta kombe, akasahaulika, unadhani ataenda kukopa pesa ya kozi? Atanunua boda ya pili. Na mimi siwezi kumlaumu.

Kwa hivyo Bandari wakitangaza kocha tena, mimi sitauliza katoka wapi. Nitauliza mkataba wake ni wa miaka mingapi, na mechi zake za nyumbani atachezea wapi. Na nyie wa grupu, yule jamaa wa filimbi hapo kwenu ana jina. Kamuulizeni kozi ya kwanza ni pesa ngapi, tuone kama hatuwezi kuchanga.