WATU MASHUHURI: JENERALI TITO OKELLO

Msafiri atokaye Kisumu akifika Kisian hukuta njia panda. Njia moja yaelekea Bondo. Ya pili yapanda Maseno, na mbele yake ni Busia, mpakani mwa Uganda. Jina la Okello halihitaji mkalimani ng'ambo wala huku, maana kwa Wajaluo na kwa Waacholi ni jina la mtoto afuataye mapacha. Mmoja wa walioitwa hivyo ni Tito Okello Lutwa, aliyezaliwa mwaka 1914 katika nchi ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda.

Mwaka 1940 aliingia katika jeshi la K.A.R., ambalo wazee wa Nyanza waliliita Keya, akapigana katika vita vya Afrika ya Mashariki kama vijana wengi wa kando ya Ziwa. Lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili, naye akakijua barabara. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Lakini hata mwenye elimu asingefika mbali upesi, kwani Waafrika wa kwanza wa Uganda kupewa kamisheni, Shaban Opolot na Idi Amin, waliipata mwaka 1961, Okello akiwa amekwisha kutumika miaka 21. Alipanda ngazi kwa utii na uvumilivu.

Amin alipotwaa serikali Januari 1971, askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini. Okello akaenda uhamishoni Tanzania. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa wakuu wa wapiganaji wa Uganda waliofuatana na majeshi ya Tanzania, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Baadaye akawa Mkuu wa Majeshi chini ya Rais Milton Obote.

Shida ilitoka ndani ya jeshi lenyewe. Desemba 1983 mnadhimu mkuu, Oyite-Ojok, alikufa katika ajali ya helikopta. Obote, ambaye ni Mlango, alikawia, kisha mwaka 1984 akamweka Mlango mwingine, Smith Opon Acak. Maofisa wa Kiacholi hawakukubali, hasa kwa kuwa askari wao walikuwa wakifa katika vita vya Luwero. Tarehe 27 Julai 1985 Brigedia Bazilio Olara Okello, ambaye si ndugu wa Jenerali, aliiteka Kampala. Obote akakimbilia Kenya, kisha Zambia. Siku 2 baadaye Tito Okello, mzee wa miaka 71, akaapishwa kuwa mkuu wa nchi.

Alivialika vikundi vyote vyenye silaha vije kushirikiana naye, hata askari wa zamani wa Amin. Kwa mzee aliyechoshwa na damu huenda ilikuwa nia njema. Kwa Yoweri Museveni na wapiganaji wake ilikuwa kasoro kubwa. Mazungumzo yakafanyika Nairobi kuanzia Agosti, Rais Daniel arap Moi akiwa mpatanishi, na tarehe 17 Desemba mkataba ukatiwa sahihi: Okello abaki Mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, Museveni awe makamu wake. Lakini huko Kampala askari waliendelea kunyang'anya na kuua raia, kila kikundi kikishika mtaa wake, na mzee hakuweza kuwazuia. Upande wa magharibi ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake. Makamu huyo hakuja kukalia kiti chake. Siku 40 baada ya sahihi, tarehe 26 Januari 1986, Kampala ilikuwa mikononi mwa Museveni.

Okello akaondoka tena kwenda uhamishoni. Mwaka 1993 alirudi kwa msamaha wa serikali iliyomwondoa, akafariki Kampala Juni 1996. Mwanawe, Henry Oryem Okello, alikuja kuwa Waziri wa Nchi wa Mambo ya Nje katika serikali ya Museveni, na mwaka 2010 Museveni alimtunuku marehemu nishani ya Kagera kwa ajili ya vita vya 1979.