Tuwafunze watoto kutafuna, tusiwasagie kila kitu

Blenda imekuwa zawadi ya kawaida siku hizi. Kijana aliye Nairobi akisikia dada yake kule Litein au Sotik amejifungua, anatuma blenda na familia inashukuru. Si zawadi mbaya. Shida inakuja pale mtoto anapofikisha mwaka mmoja na nusu, meno ameota, na bado kila anachokula kimesagwa kikawa maji.

Mtoto huzaliwa akijua kunyonya, lakini kutafuna lazima ajifunze. Ulimi hujifunza kusukuma chakula pembeni, nayo taya hujifunza kukiponda. Ni mazoezi ya kila siku, sawa na kutembea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aanze vyakula vilivyopondwa. Akiwa na miezi 8 hivi, wengi huweza kushika kipande laini na kujilisha. Akitimiza miezi 12, anaweza kula chakula cha familia. Watafiti wameona kuwa watoto wanaocheleweshewa vyakula vyenye vibonge hadi baada ya miezi 10 ndio wanaoelekea kusumbua zaidi wakati wa kula baadaye.

Huku Kericho na Bomet, sababu za kuchelewa zinaeleweka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 tu. Ikiisha, anarudi kuchuma majani chai, na wachumaji wengi hulipwa kwa kilo. Mtoto anabaki na gogo, au na jirani anayelea watoto kadhaa kwa mpigo. Hapo uji ndio mkombozi: kikombe kinashuka, mtoto ananyamaza. Mchana anapewa mkate uliochovywa kwenye chai hadi ukalainika. Hapo atatafuna nini? Tena tanini ya chai hupunguza uwezo wa mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa chakula. Mtoto mdogo hafai kupewa chai, hata kama ni sisi tunaoilima.

Dawa iko shambani na haihitaji stima. Anza na parachichi, malenge au kiazi kitamu kilichopondwa kwa uma, ukiacha vibonge vidogo. Baadaye mpe vipande laini avishike mwenyewe: ndizi mbivu, kiazi kilichoiva vizuri, yai la kuchemsha. Halafu ugali na managu yaliyokatwakatwa. Atachafua nguo na kutema mara kadhaa. Usikate tamaa, kesho mpe tena.

Wapo wanaoogopa mtoto atapaliwa, na hofu hiyo ina msingi. Karanga nzima, bisi, peremende na karoti mbichi si vya mtoto mdogo, wala smokie iliyokatwa mviringo. Aketi wima, na mtu mzima awe karibu akimtazama. Akikohoa kwa nguvu, mwili unajisaidia. Akinyamaza ghafla na kushindwa kupumua, hiyo ni dharura.

Mzigo huu usiachiwe mama peke yake. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini, na mashamba ya chai hayajaachwa nje. Kaunti nazo ziwatume wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanazuru nyumba zetu, wawaelekeze pia walezi jinsi ya kulisha watoto. Japani, mwaka wa 2009, wizara ya afya ilihimiza watu watafune kila tonge mara 30. Kama wao walilipa kutafuna uzito wa sera, kaunti zetu haziwezi kushindwa na somo la kuponda kiazi kwa uma.

Nasi vijana tuna sehemu yetu. Ukienda nyumbani Desemba, keti na mpwa wako wakati wa chakula, mkatie kiazi kitamu na umpe muda. Samaki mkunje angali mbichi. Blenda inaweza kupumzika.