Kupigwa kwa Kiingereza
Na Zuhura Mbarouk

Ukiuziwa kwa elfu hamsini kitu cha elfu ishirini, Dar es Salaam unasema umepigwa. Mwingereza atasema "I was ripped off", na kijana wetu aliyefaulu Kiingereza kidato cha nne ataangalia ni nguo gani iliyochanika.

Simlaumu. "Rip" ni kuchana, na "off" huonyesha kitu kimetoka kilipokuwa. Maana ya kubandua kwa nguvu ipo kweli, kama mtu anapochana lebo kwenye chupa. Ila mitaani iliyotawala ni ya kulangua, kutapeli, kuuza kibovu kwa bei ya kizima. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alishaeleza kwamba vitenzi vya namna hii huwatesa sana wageni. Sisi bado tunawapa wanafunzi orodha wakariri.

Orodha haiwaambii kwamba aliyetapeliwa, akitajwa kwa kiwakilishi, hukaa katikati: "they ripped us off", kamwe si "they ripped off us". Hilo hurekebishika upesi. Kinachonisumbua ni uzito wa neno lenyewe. Kamusi huliwekea alama ya lugha isiyo rasmi, lakini halina utani: ni tuhuma. Anayelitamka halalamikii bei kubwa tu; anadai kuwa muuzaji alikusudia kumnyonya. Mwaka 2009 BBC ilianzisha kipindi cha kutetea wanunuzi kikaitwa Rip Off Britain, na jina hilo peke yake lilitosha kuonyesha kipindi kiko upande wa nani.

Kwa hiyo anayeliandikia shirika la ndege barua ya malalamiko asilitumie. Aandike "overcharge", ataje kiasi, aambatishe risiti. Akipiga soga na wenzake, alitumie apendavyo.

Ninaowafikiria zaidi ni vijana wanaouza vinyago na viungo Mji Mkongwe, na wanaopokea wageni Arusha. Mtalii akisema "this is a rip-off", wengi hutabasamu na kuitikia "yes, yes", kumbe wamekubali kwamba wanaiba. Kijana yule ana haki ya kuelewa alichoambiwa, ili aeleze mti umetoka wapi, fundi amechonga siku ngapi, na bei yake imejengwa na nini. Vyuo vya utalii vimfundishe hilo kabla ya kumfundisha kukunja vitambaa vya mezani.